Maini ya kumfundishia mbwa

Kaka, umesema mbwa wako anayelinda korosho hapo Masasi haji ukimwita, ukauliza maini ya kumzawadia yanaandaliwaje.

Nunua robo kilo ya maini ya ng'ombe, uyaoshe, uyachemshe kwa maji matupu mpaka ukikata kipande kinene usione wekundu ndani. Usitie chumvi wala mafuta, na kitunguu, kiwe maji au saumu, ni sumu kwa mbwa. Yakipoa, kata vipande vidogo kama punje za kunde. Kisha yakaushe kwenye sufuria juu ya mkaa uliofifia, mwingine kidogo juu ya mfuniko, kama unaoka mkate. Yakishakauka hayachafui mfuko wa suruali.

Mabichi usimpe kabisa, nakusihi. Ukiona vifuko vya maji kwenye ini, yaweza kuwa mabuu ya tegu: mbwa akiyala anapata minyoo, na kinyesi chake kinaweza kuambukiza watoto wa nyumbani. Ini hilo lifukie kwenye shimo refu au lichome.

Kwa joto letu la kusini, weka ya siku tatu kwenye friji, mengine yagande kwenye friza. Usizidishe pia, maini yana vitamini A nyingi, ikizidi kwa muda mrefu huharibu mifupa. Vipande vichache kwa siku vinatosha, chakula chake kibaki kilekile.

Mpe palepale anapofika miguuni pako. Ukichelewa hata kidogo, atadhani unamtuza kwa kukaa au kunusa viatu.