Usivue hiyo miwani hofu ikiwa juu!

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo. Umeandika kwamba unaogopa kuwa mahali pa juu, umeazima miwani ya VR (ile inayokuonyesha mandhari ya kompyuta kana kwamba uko ndani yake), na kila jioni unajipandisha moja kwa moja ghorofa ya mwisho. Moyo ukianza kwenda mbio unavua, unakunywa maji, kesho unarudia. Leo siku ya nne. Halafu unauliza vipindi vingapi vinatosha. Hilo nitalifikia. Kwanza acha hicho unachokifanya, maana mimi nilikifanya wiki tatu nzima na nikajiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ugonjwa wangu ni huo huo wako. Roshani ya ghorofa ya tatu ilitosha kunifanya nitembee nimejibandika ukutani kama mjusi. Nikasikia kwamba siku hizi watu wanatibiwa fobia, yaani hofu iliyopitiliza, kwa uhalisia pepe, ndiyo hiyo VR: unavalishwa miwani, unaletewa kile unachokiogopa, unakizoea. Nikampata jamaa mmoja anayeuza hizo miwani na kujiita kocha wa hofu. Maneno yake bado ninayo kichwani: "Uzuri wa hii kitu, ukizidiwa unavua tu."

Aisee. Huo "uzuri" ndio ulionimaliza.

Programu aliyonipa ina ubao mwembamba uliochomoza nje ya jengo refu, unatakiwa utembee mpaka ncha. Magari huko chini kama punje za mchele. Najua kabisa nimesimama sebuleni, nasikia hata friji ikinguruma, lakini vidole vya miguu vimekunjwa vimeng'ang'ania zulia, viganja vimelowa, na magoti hayataki kupokea amri. Sekunde kama 20 hivi, nikaing'oa miwani. Na papo hapo ikaja raha moja tamu ajabu. Mwili wote ukalegea. Nikajiambia safi, nimejaribu, kesho tena.

Sasa sikiliza, maana kosa lote liko hapa. Ile raha ya kuvua ni sumu. Ubongo hauandiki kwamba "tulisimama ubaoni na hatukufa". Unaandika "tulikuwa tunakufa, tukakimbia, ndiyo maana tumepona". Kila nilipovua hofu ikiwa imepanda niliupa ubongo tuzo kwa kukimbia, nao mwanafunzi hodari ukashika somo. Siku ya tano niliweza sekunde 15. Wiki ya pili moyo ulianza kudunda nikiiona tu miwani mezani, haijawashwa, haijavaliwa, imekaa zake. Wiki ya tatu zile ngazi za kazini zenye uwazi katikati, ambazo nilikuwa nazipanda huku napiga soga, nikawa nazipanda nimeshika chuma kwa mikono miwili, nyuma yangu foleni ya watu wanakohoa kistaarabu. Niliingia kwenye tiba naogopa ghorofa ya tatu, nikatoka naogopa ngazi. Hiyo nayo ni rekodi.

Kuna jioni moja (chekeni tu, mimi nilishamaliza kucheka) nilijikuta nimelala kifudifudi, nimekumbatia mguu wa meza, pazia liko chini na fimbo yake. Umbali wangu kutoka ardhini: sifuri.

Nikampigia kocha. Akasema sina moyo, niongeze dozi! Akanitumia vichwa vya habari eti "Wanasayansi wamethibitisha". Ndugu yangu, ni kweli wamethibitisha, lakini yeye hakusoma zaidi ya kichwa cha habari. Nilikuja kusoma mwenyewe kwa hasira. Utafiti wa akina Barbara Rothbaum na Larry Hodges kule Marekani, uliotoka 1995, ulikuwa na wanafunzi 20 wa chuo wanaoogopa kuwa juu. Waliotibiwa walipelekwa kwenye madaraja, roshani na lifti ya kioo vilivyochorwa na kompyuta, hatua kwa hatua, mtaalamu yuko pembeni anawauliza wanajisikiaje. Ule wa akina Daniel Freeman wa Oxford, 2018, watu 100, ndio ulioleta habari za "hofu imepungua kwa wastani wa asilimia 68". Humo hapakuwa na daktari anayeongoza, lakini kulikuwa na kocha wa kuchorwa ndani ya miwani, jengo la ghorofa kumi, na mazoezi yaliyopangwa kwa vipindi vya nusu saa. Kocha wa kuchorwa, wakuu! Katuni ilikuwa na akili kuliko yule aliyechukua hela yangu.

Mwishowe nikaenda kwa mwanasaikolojia. Nikamsimulia yote, akauliza swali moja tu: "Huwa unavua saa ngapi?" Nikamjibu, "Kama saa mbili usiku." Akanitazama. "Nauliza hofu inakuwa imefika wapi unapovua." Akachora mstari, huku 0 kule 100, kipimo alichokianzisha daktari Joseph Wolpe zamani hizo: 0 umetulia, 100 hujawahi kuogopa hivyo maishani. Nikaweka alama za jioni zangu. Zote 90 kwenda juu. Hakuna hata moja niliyotoka nikiwa 50.

Akanianzishia ghorofa ya kwanza. Ya kwanza kabisa, yenye uzio, nikaona ananidharau. Kabla sijavaa akanitaka niandike ninachoamini kitatokea. Nikaandika: "Miguu itaniishia nguvu, nitavutwa nivuke uzio." Tukasimama pale. 70. 80. 80 tena, hapo mkono wangu ukaanza kupanda kuelekea miwani, akaniambia kwa upole, "Bado, ile miguu imeshaisha nguvu?" Haikuwa imeisha. 65. Kisha 40. Dakika ya 12 nikapiga mwayo. Juu ya roshani, mimi, mwayo!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaiandika hata ukinichoka: USIVUE HOFU IKIWA JUU. Baki mpaka uone kwa macho yako kwamba ulichotabiri hakijatokea. Si lazima namba ifike sifuri, na kuna siku haitashuka sana, hiyo si hoja. Hoja ni wewe usikimbie kabla ubongo haujapata jibu. Ukizidiwa kweli, shuka ghorofa moja humo humo ndani ya programu, usimame hapo, utulie, upande tena. Kushuka ngazi si sawa na kukimbia.

Na usiibe mtihani. Mimi nilikuwa naiba: nafumba macho ndani ya miwani, natazama mawingu badala ya chini, nimeshika kiti kwa siri. Ubongo unajua. Utasema "tumepona kwa sababu ya kiti".

Kichefuchefu ni jambo jingine, usivichanganye. Macho yanaona unakwenda, sikio la ndani linasema umesimama, tumbo linachafuka. Huo si woga, hapo vua bila aibu, pumzika, halafu chagua mandhari ambayo humo ndani unasogea kwa miguu yako mwenyewe badala ya kubebwa. Na mwenye kifafa asiguse kabla ya kumwona daktari.

Vipindi, mimi nilikwenda saba, na viwili vya mwisho hata miwani hatukuivaa. Alinitoa nje, roshani ya kweli, upepo wa kweli, uzio wa chuma wa baridi mkononi. Nikamwambia tungeanzia hapa basi. Akasema ungekuja? Nikanyamaza, maana nisingekuja.

Leo jioni basi: ghorofa ya kwanza, usipande zaidi hata ukijisikia shujaa. Andika utabiri wako kwenye karatasi kabla ya kuvaa. Awepo mtu wa nyumbani akuulize namba kila baada ya dakika mbili, na umwambie kabisa asikuonee huruma ukianza kunyanyua mkono. Sogeza meza. Pazia lifunge pembeni. Kisha rudi hapa utuwekee namba zako, ya kuanzia na ya kuvulia, na kama ya kuvulia ni 90 nitajua tu hukunisikia.