Bunju wa tangi la maji ya chumvi: chakula na meno

Je, bunju, yule samaki anayejivimbisha, anaweza kulishwa minofu laini pekee? Hapana, haimtoshi. Meno yake hayaachi kukua; asipopata kitu kigumu cha kutafuna, kama kamba wenye maganda, kome au kaa wadogo, yanarefuka hadi ashindwe kula. Wangu nampa kome wa gandani, na meno yamebaki mafupi.

Kwa baridi ya Julai hapa Nairobi usikose hita: maji yabaki nyuzi 24 hadi 27. Na tafadhali, usimtoe nje ya maji ili uone akivimba! Akimeza hewa anaweza kushindwa kuitoa, akafa. Akifa, mzike mbali na paka. Sumu iliyo kwenye ini, mayai na ngozi haiondoki hata kwa kupikwa.