Kukata ngozi ya mapaja na kunyanyua makalio: jiandae na haya

Mashosti wengi wakisikia nimefanya operesheni ya makalio wanadhani ni BBL. Hapana jamani. BBL wananyonya mafuta sehemu nyingine wanayadunga makalioni yajae, hii yangu ni ya kukata, yaani ukishapungua kilo nyingi ngozi inabaki inaning'inia mapajani na chini ya makalio, mazoezi hayairudishi, ndo daktari anaikata anavuta iliyobaki juu anashona. Kwa hiyo kama unatafuta shepu ya kujaza gauni, sio hii, makalio yananyanyuka lakini yanaweza hata kuwa bapa kidogo.

Kovu sasa. Ni refu mwaya! La makalio linaweza kuzunguka kiuno kizima, la mapaja linapita kwenye kinena na ngozi ikiwa nyingi linashuka kwa ndani hadi karibu na goti. Linachukua mwaka au zaidi kutulia, na sisi weusi keloidi tunazijua, kama ulitoboa sikio pakavimba donge mwambie daktari mapema kabla hata ya kuongelea bei.

Atakutaka pia uzito uwe umekaa palepale kwa miezi kadhaa, na sigara uache wiki kadhaa kabla na baada, shisha pia usijidanganye, maana damu isipofika vizuri kwenye mshono kidonda hakifungi. Kama bado unapanga kuzaa bora usubiri, mimba inaivuta ngozi upya.

Wiki za mwanzo ndo kazi. Unaamka na mirija inayotoa majimaji, umevalishwa nguo ya kubana, kukaa shida, kulala unapangiwa mlalo, na choo cha kuchuchumaa kisahau kabisa, kama nyumbani ndo kilichopo tafuta pa kufikia kwanza. Kinena kina jasho na kila hatua kinasuguana, ndo maana mshono wa pale unapenda kufunguka, pakaushe vizuri na uvae madera. Hata kama unaumwa tembea kidogokidogo ndani ili damu isigande miguuni, na kwa wanaokwenda Uturuki au India msiwahi ndege ya kurudi mpaka daktari aruhusu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo, na homa au usaha pia usikae navyo nyumbani.

Najutia? Hata kidogo, mapaja kuchubuka kwenye joto la Dar kumeisha na suruali zinanikaa.

Ila ukiuliza bei usiulize ya operesheni tu, uliza nguo za kubana (chukua mbili, moja ikifuliwa nyingine umevaa), dawa, kusafisha kidonda, na mshono ukifunguka nani analipa.