Muulize Shangazi: Mwanangu anataka raba za dola 180, nikamwonyesha mwenzie mwenye ndala za kushona

Shangazi shikamoo. Mimi ni Mtanzania naishi Houston, huu mwaka wa tisa, kazi yangu kutunza wazee na mara nyingi napiga shifti mbili. Nina kijana wa miaka 14 na huyu mtoto amenishinda. Kila kukicha anataka kitu kipya, simu yake ina mwaka mmoja tu anasema imeshapitwa na wakati, sasa hivi kakazana na raba za Jordan za dola 180 wakati zile za mwanzo hata soli haijalika. Mwezi uliopita nikapandwa na hasira, nikampigia dada'angu Korogwe kwa video nikamwita mtoto wake, umri wao mmoja, nikamwambia hebu muonyeshe mwenzio unavyovaaga kwenda shule, akanyanyua ndala zimeshonwa na waya. Wangu akaangalia kidogo akasema kwani hilo kosa langu? Akaingia chumbani akabamiza mlango. Shangazi nimeumia, mimi mwenyewe nimekulia hukohuko Korogwe. Nifanyeje aelewe kuna watoto wanalala njaa? Nimpeleke nyumbani likizo nzima akaonje?
Mama wa kijana, Houston

Marahaba mwanangu, na pole sana na kazi, kuinua wazee kitandani shifti mbili sio mchezo.

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama palepale kwenye hiyo simu ya video. Wewe umeniuliza habari za kijana wa Houston ila mimi nataka tuanze na huyu wa Korogwe. Hivi yeye alijisikiaje? Kaitwa mbio, mama mdogo yuko hewani kutoka Marekani, pengine kanawa na uso kabisa akijua anasalimiwa, alafu anaambiwa nyanyua ndala tuone. Na yeye ana miaka 14, ana aibu zake, ana watu darasani ambao angekufa kuliko wamuone vile, na aliyekuwa anamtazama upande wa pili ni mtoto wa mama yake mdogo, yani kaka yake kabisa. Hapo mwanangu ulimkosea. Mpigie, kijana wako asiwepo pembeni, umuombe radhi kwa maneno mepesi. Siku hiyo usitume hela ya viatu maana itakuwa kama umemlipa anyamaze, hela ya viatu itumie siku nyingine kupitia kwa dada yako kimyakimya. Siku ya radhi muulize anasoma nini, anashabikia timu gani, nani anamkera shuleni.

Nalisema hili kwa uchungu kwasababu wazazi wengi walioko nje wanaoniandikia wanafanya hivihivi, umaskini wa mtoto mmoja unageuzwa fimbo ya kumchapia mwingine aliyeshiba. Aliyeshiba anaona anasingiziwa, na yule maskini hapati chochote, anabaki picha tu. UNICEF na Benki ya Dunia walikadiria kwamba mwaka 2022 watoto kama milioni 333 walikuwa wanaishi kwenye nyumba ambazo kila mtu anaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku, mtoto 1 kati ya 6 duniani. Ni jambo la kutisha na mimi linaninyima usingizi. Ila huwezi kumtwisha mtoto wa miaka 14 watoto milioni 333 kwasababu kaomba raba. Swali lake la kwani ni kosa langu lilikuwa swali la kweli na alistahili kujibiwa: hapana mwanangu, sio kosa lako, kaa hapa nikueleze ni nini.

Sasa tuje kwake. Umri alionao ndio wenyewe. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, wa Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John, wakaona tamaa ya vitu inapanda kuanzia miaka 8 au 9 mpaka 12 au 13, alafu ikifika 16 mpaka 18 inaanza kushuka, na kilichokuwa kinakwenda nayo kinyume ni mtoto kujiona ana thamani, thamani ikishuka tamaa inapanda. Wakafanya na jaribio moja ambalo mimi nalipenda sana, watoto wakapewa sahani za karatasi zilizoandikwa maneno mazuri ambayo wenzao wamesema juu yao, na waliopewa zile sahani tamaa yao ya vitu ikapungua. Sahani za karatasi tu jamani! Sasa mfikirie wako, mtoto wa Kiafrika kwenye shule ya Texas, pengine kuna wanaomcheka anavyotamka, pengine wanamuuliza kama kwao kuna umeme. Kwake zile raba ni kama kiingilio cha mlangoni. Kabla hujamuuliza kwanini anazitaka muulize nani kazivaa, na bila kuzivaa anakaa wapi wakati wa kula. Unaweza kukuta hakuna anayekaa nae.

Na usidhani tamaa hiyo kaitunga mwenyewe. Air Jordan zimeingia madukani 1985, wewe na mimi tunajua mguu unahitaji nini na sio hicho, ila kuna watu wazima wenye ofisi na mishahara ambao kazi yao ni kumfanya mtoto aone bila kitu fulani yeye hajakamilika. Sweden waliliona hilo, tangu 1991 wamekataza matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto chini ya miaka 12. Siku hizi tangazo lenyewe liko kwenye simu, analala nalo.

Hili linalofuata nalisema kwa upole na sikulaumu hata kidogo. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanywa kwa ajili ya UNICEF Uingereza, waliongea na watoto na wazazi wa Uingereza, Sweden na Hispania. Watoto wa nchi zote tatu walipoulizwa nini kinawapa furaha walitaja muda na familia, marafiki, na kuwa na vitu vingi vya kufanya. Wazazi wa Uingereza ndio walioonekana kubanwa sana, wamechoka na kazi, muda hawana, wananunua vitu kuziba pengo huku wenyewe wakijua havilizibi. Nadhani umeshanielewa. Je anajua unafanyaga nini kazini? Mpe karatasi apige hesabu, kama unalipwa dola 16 kwa saa basi raba za dola 180 ni zaidi ya masaa 11 ya kugeuza wazee, kabla ya kodi. Mwonyeshe bili ya umeme, na hela ya Korogwe mwonyeshe, asikie bei ya vitu vyote kwenye nyumba sio bei ya raba peke yake. Kwa umri wake anaweza kuambiwa kila mwezi hela yako ya mavazi ni hii, ukitaka cha zaidi subiri au ongezea. Alafu pata siku moja kwenye wiki, hata jioni moja tu, mpike wote ugali simu zikiwa chumba kingine. Najua shifti hazina huruma, ila hiyo jioni ipiganie kama unavyopigania kodi ya nyumba.

Nyumbani mpeleke ndio, ila asiende kuonyeshwa watu. Mtoto anayepelekwa akaone shida anarudi na picha za shida basi. Alale chumba kimoja na ndugu yake, wachote maji wote, aelekezwe kupanda mnazi, afungwe mabao matano uwanjani na mwenye ndala. Na wewe ukiwa huko usimnong'oneze sikioni umeona sasa? Mwache.

---

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 16, naishi Reading, Uingereza, wazazi wangu wametoka Congo. Nimesoma kuhusu watoto wanaookota kobalti, madini ya betri za simu, na sasa kila nikishika simu najisikia vibaya. Nikiacha kununua simu itawasaidia?
Msichana wa Reading

Marahaba mama. Ni kweli ulichosoma. Congo ndio inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kobalti iko kwenye betri ya simu, na kule Kolwezi wanakoongea Kiswahili kama mimi na wewe kuna watoto wanaookota mawe kwenye mabaki ya migodi, wanayaosha na kubeba magunia. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, walipoandika ripoti mwaka 2016 watoto waliwaambia wanafanya kazi mpaka masaa 12 kwa dola 1 au 2 kwa siku, na wapo waliosema wanaenda kutafuta ada ya shule.

Ila kususia peke yake, ngoja nikwambie ya Bangladesh. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 seneta mmoja wa Marekani, Tom Harkin, alipeleka muswada wa kukataza bidhaa zilizotengenezwa na watoto zisiingie Marekani. Wenye viwanda vya nguo wakaogopa, wakafukuza watoto karibu 50,000 hata kabla sheria haijapita. Hawakwenda shule, shule ipi na kwa hela gani? Wengine wakaishia kuponda mawe, wengine mitaani, wengine pabaya zaidi. Mpaka 1995 wenye viwanda, Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF ndio wakakubaliana mtoto anayetolewa kiwandani awekewe nafasi ya shule na posho kidogo. Hiyo ndio iliyokuwa inatakiwa tangu mwanzo mama, shule na hela ya kula mkononi mwa mzazi.

Kwahiyo simu yako kama inafanya kazi kaa nayo, kioo kikipasuka katengenezeshe. Alafu kaandikie kampuni iliyoitengeneza, uwaulize kobalti yao wananunua kwa nani Kolwezi, na watoto waliotolewa mgodini wamepelekwa wapi. Andika kwa jina lako, na useme wazazi wako wametoka Congo. Wakikujibu nitumie nakala nisome.