Virusi havionekani, mbona mwili unanigeuka?

Nawaandikia wenzangu tunaohudhuria CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, hapa Dar, hasa mliokwisha kuvuka mwaka wa kwanza wa dawa na kuambiwa virusi havionekani kwenye kipimo. Nilikuwa hivyohivyo. CD4, zile seli za kinga, zimepanda, uzito umerudi, naingia kazini Kariakoo kama kawaida. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio hata nikiwa nimekaa, vidole vikitetemeka, jasho kupita hata la joto letu hili, nguo zikinipwaya. Mtaani wakanong'ona kwamba dawa zimegoma.

Hazikugoma. Kipimo cha TB kilikuwa safi na virusi bado havionekani, ila homoni za tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, zilikuwa juu mno. Unaitwa ugonjwa wa Graves: kinga inatengeneza antibodi, protini zake za kujilinda, zinazoichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi.

Wengi tunajua nusu tu ya habari, kwamba VVU vinaua CD4. Nusu ya pili ni kwamba CD4 si askari wa mapigano tu. Ndizo zinazotoa amri, na miongoni mwake zipo zinazozuia wenzake wasiushambulie mwili wenyewe. Safu hiyo ikivurugwa, seli B huzalisha antibodi ovyo, nyingine zikalenga viungo vyetu. Utumbo nao huumizwa mapema, mabaki ya bakteria yakapenya hadi kwenye damu, kinga ikakaa imechokozwa muda wote. Ndiyo maana wapo wanaogundulika na VVU baada ya fizi kutoka damu: antibodi zimekwishaharibu chembe sahani zinazogandisha damu.

Graves huchelewa zaidi. Mara nyingi hujitokeza mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuanza ARV, yaani dawa za VVU, hasa kwa walioanza CD4 zikiwa chini sana. Seli zinarudi kwa wingi, nidhamu yake bado.

Kwa hiyo, nakusihi, usiache dawa. Ukiacha, virusi vitapanda na tezi haitatulia. Mimi niliendelea na TLD, kidonge changu cha ARV, nikaongezewa kabimazoli ya kupunguza homoni na propranololi ya kutuliza moyo.

Mweleze mhudumu dalili zako hata siku uliyokwenda kuchukua dawa tu, na uulizie kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha hali ya thairoidi. TB ichunguzwe pia, maana jasho na kukonda ni dalili zake vilevile. Wala usinunue predinisoloni duka la dawa kwa ushauri wa shoga yako. Inashusha kinga na inaweza kuificha TB hiyohiyo. Na ukishaanza kabimazoli, ukipata homa na koo kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo wapime damu, kwa sababu kwa watu wachache dawa hii hushusha sana chembe nyeupe.