Saa saba mchana wacha kabisa

Mamaa, ati mnataka kupiga picha za familia saa saba mchana Arboretum (ile bustani ya miti Nairobi) na watoto plus shosho? Hapana, jua liko juu ya utosi, nyote mtatoka na vivuli vyeusi machoni. Endeni saa kumi na moja jioni hivi, Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili unusu so mko na time. Nguo si lazima zifanane (zile tisheti za sare mi hunichosha), chagueni tu rangi mbili tatu zinazopatana, na raba nyeupe ziache nyumbani, ule udongo mwekundu hauna huruma. Watoto wakule kabla ya kufika, kwa sababu ukitoa ndizi pale tumbili wanakunyang'anya mkononi. Na mpiga picha aulize getini mapema kama kamera inalipiwa.