Mwaka wa nne najinyoa mwenyewe: hesabu, makosa na namna ya kukifikia kisogo

Mkuu, umeuliza kama kuna anayejinyoa mwenyewe nyumbani, kama pesa inabaki kweli mfukoni, na mtu anakifikiaje kisogo chake. Mimi nina mwaka wa nne sasa. Nitajibu kwa urefu kidogo, maana nilipoanza sikuwa na wa kunieleza na nikajifunzia kwenye kichwa changu mwenyewe.

Nianze na hesabu, ndiyo iliyonisukuma. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu. Za kipilipili kwa kawaida huenda polepole kuliko za singa. Anayenyoa namba moja (namba ni za vitana, vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye meno ya mashine kupima urefu) anabakiwa na milimita 3. Siku tisa au kumi baadaye zimefika milimita 6, yaani namba mbili, urefu umekuwa maradufu na kila mtu anaona. Mwenye nywele ndefu akiongeza milimita hizo hizo 3, hata mwenyewe hajui. Kwa hiyo sisi tunaopenda kichwa kifupi, ambao kunyolewa kwetu ndiko rahisi kuliko kote, ndio tunaokikalia kiti cha kinyozi mara nyingi zaidi. Mimi nilikuwa naenda kila baada ya wiki mbili, mara 26 kwa mwaka. Nina vijana wawili pia, kwa hiyo zidisha kwa tatu.

Mashine niliyonunua ilikuwa na bei ya kunyolewa mara kumi. Nikapiga hesabu: kwa vichwa vitatu, ndani ya miezi miwili itakuwa imejilipa. Wapi! Miezi mitatu ya mwanzo, kila nilipojinyoa nilitoka nimevaa kofia nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi anisawazishie. Yeye hakuwahi kunicheka usoni, alikuwa anauliza tu kwa upole, "Leo tena umejikata?" Kwa hiyo nikawa nalipa kama zamani, na juu yake kuna mashine, mkasi, kioo cha mkono na makorokoro mengine niliyoambiwa ni ya lazima. Mengi ya hayo makorokoro bado yako kwenye droo.

Pesa ilianza kubaki siku nilipobadili mtindo, wala mikono yangu ilikuwa bado haijawa na ustadi wowote. Niliacha fedi. Watu wengi wanakwama hapa: wananunua mashine ili wajifanyie nyumbani kile kile wanachofanyiwa saluni. Fedi ni nywele kutoka ngozi tupu hadi urefu kamili ndani ya sentimita chache, na kila mstari unaoachwa na kitana kimoja lazima ufutwe kwa kingine, kwa mkono unaochota kuelekea nje na wenzo wa pembeni mwa mashine, ule unaosogeza meno, unaofunguliwa na kufungwa. Kinyozi anafanya hivyo kwenye vichwa vya watu kutwa nzima, akiwa amesimama, akiona vizuri. Wewe unataka ufanye nyuma ya sikio lako mwenyewe, kwa kutazama kioo kinachogeuza kila kitu. Chagua namba moja ya kichwa kizima, au namba mbili juu na namba moja pembeni na nyuma. Basi. Ukihitaji fedi kwa sababu ya shughuli, nenda ukalipe kwa moyo mweupe. Mimi naenda mara tatu au nne kwa mwaka na sioni kama nimeshindwa.

Kwa asiyezijua namba: moja ni milimita 3, mbili ni 6, tatu kama 10, nne kama 13, na nane hufika 25. Bila kitana unabaki na chini ya milimita moja. Anza siku zote na namba kubwa kuliko unayoitaka. Mimi naanza na nne kichwa kizima hata kama namalizia na mbili, kwa sababu mzunguko wa kwanza unaondoa wingi na kunionyesha nywele zinalala upande gani. Mashine ipite kinyume na zinakolala, polepole, kitana kikigusa ngozi muda wote. Utosini kuna pale zinapozunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu. Hapo hakuna "kinyume" kimoja, pita kutoka pande zote nne la sivyo utabakiwa na kishungi ambacho wewe hukioni ila wenzako wote wanakiona. Nywele ziwe zimeoshwa na zimekauka. Mafuta na jasho vinazibandika kichwani na meno ya mashine yanaziruka. Kama ni za kipilipili na zimekua, zichane kwanza kwa chanuo zisimame wima.

Kabla hujapita mahali, kitikise kitana kwa kidole. Nisikilize hapa. Jioni moja, kesho yake nikiwa na usaili wa kazi, kitana kilichomoka juu ya sikio la kulia na sikuhisi chochote mpaka nilipoona bonge la nywele begani. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, cheupe. Ikabidi kichwa chote kifuate. Kazi nilipata, lakini kwenye picha ya kitambulisho ninafanana na mtu aliyetoka kuugua.

Sasa kisogo. Utahitaji vioo viwili: kikubwa cha ukutani ambacho unakipa mgongo, na kidogo cha mkononi mbele ya uso wako. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa vioo viwili mkono unaelewa haraka kuliko kwa kimoja, kwa sababu picha iliyogeuzwa na kioo cha kwanza inageuzwa tena na cha pili, na kulia inabaki kulia. Hata hivyo, baada ya miezi sita niligundua kuwa macho hayana kazi kubwa kule nyuma. Vidole ndivyo vinavyonyoa kisogo. Mkono wa kushoto unatangulia ukipapasa, mashine inafuata. Penye nywele ndefu utapahisi kabla hujapaona. Vioo ni vya kukagua mwishoni.

Mstari wa shingoni ulinitesa zaidi. Ukiufuata kwa kioo tu unapanda, unapanda, na mwisho uko katikati ya masikio. Nilichofanya ni kufunga utepe wa kitambaa shingoni, kwenye kimo ninachotaka, nikaukagua kwa vioo viwili mpaka ukalala sawa, kisha nikanyoa chini yake tu. Siku hizi mke wangu ndiye anayemalizia huo mstari, dakika mbili, na malipo yake ni kunisema. Kama una mtu nyumbani mwenye mkono uliotulia, mwombe eneo hilo moja tu. Ukimpa kichwa kizima siku ya kwanza mtagombana.

Mbele, kwenye paji la uso, ushauri wangu ni mfupi: usiguse. Kuchonga kunavutia sana ukiwa na mashine mkononi. Unasawazisha kushoto, kulia kunaonekana kumezidi. Unasawazisha kulia, kushoto kunazidi. Kila mzunguko mstari unarudi nyuma milimita moja au mbili, na ukija kushtuka umejitengenezea mapanja ambayo umri ulikuwa bado haujakuletea. Ondoa vile vinywele vilivyo nje kabisa ya mstari, na sharafa zilingane kwa kupima kwa vidole kutoka kwenye sikio. Ishia hapo.

Kuhusu mashine yenyewe, sitataja aina. Zipo za waya na za kuchaji. Nyingi za waya zinaendeshwa na sumaku inayotikiswa na umeme, na upande wake utaona skrubu ndogo. Watu wanaipuuza, mashine inadhoofika na kung'oa nywele badala ya kukata, wanaitupa. Iwashe, izungushe skrubu mpaka ianze kupiga kelele za kugongana, kisha irudishe taratibu mpaka ngurumo ibaki laini. Mashine yangu niliyodhani imekufa ilifufuka kwa bisibisi na nusu dakika.

Meno nayo yana mpangilio wake. Wembe wa juu, ule unaokwenda na kurudi, ncha zake zisifikie ncha za wembe wa chini. Ziachane kama milimita moja. Wengine wanazisogeza zilingane ili mashine ikate karibu zaidi na ngozi. Kinyozi mzoefu anajua kuitumia hivyo. Mimi nilijaribu na nikavuja damu nyuma ya sikio. Weka matone mawili matatu ya mafuta ya mashine kila unapoitumia, iwashe yaenee, futa yanayozidi. Ya kupikia usiweke, yanaganda na kugeuka ulimbo. Na kila baada ya dakika chache gusa meno kwa nyuma ya kiganja. Yakiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima, ngoja. Ngozi ya shingo inaungua upesi.

Kuna faida ambayo haimo kwenye hesabu ya pesa. Mwanangu mdogo aliwahi kupata mapunye, na sina namna ya kuthibitisha yalitoka wapi, lakini mapunye ni ukungu na huambukiza kwa vitana na mashine zinazopita kichwa hadi kichwa bila kusafishwa. Mashine inayochubua inaweza kubeba makubwa kuliko hayo: kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Ila mashine ya familia nayo ni ya pamoja, tusijidanganye. Baada ya kila kichwa napiga meno brashi nywele zitoke, kwa sababu dawa haipenyi chini ya uchafu, kisha nayapaka spiriti ya asilimia 70 na kuyaacha yakauke yenyewe. Mwenye mapunye ananyolewa wa mwisho, na vitana vinaoshwa kwa sabuni.

Kama nywele zako zimejikunja, usikimbilie kukata hadi ngozi, hasa kisogoni. Nywele iliyokatwa chini sana ikianza kuota inajipinda na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vinapokuja vile vipele vigumu vinavyowasha. Wengine vinageuka makovu yaliyoinuka, na matibabu yake yatameza akiba yote. Mimi naishia kwenye milimita moja kisogoni na vimeniacha.

Watoto ni somo lingine, nitapita haraka. Mtoto haogopi kukatwa, anaogopa ule mlio. Iwashe mbali naye, mpe aushike mgongo wa mashine ikiwa inanguruma, iguse begani mwake, kisha ndiyo kichwani. Anza na kisogo wakati bado ana subira na umalizie na masikio ukiwa umeyakunja kwa kidole. Wangu mdogo alivumilia nusu kichwa siku ya kwanza, nusu nyingine tukamalizia kesho yake.

Kwa wenye nywele ndefu sina mengi, nasema niliyoona kwa mke wangu. Alipunguza ncha zikiwa mbichi. Zilipokauka zikajivuta juu na kilichokuwa sentimita mbili kikaonekana tano. Sasa anakata zikiwa kavu, kidogo kidogo, kwa mkasi wa nywele. Ule wa jikoni hautumiki tena, ulikuwa unazitafuna ncha. Mitindo ya ngazi anaenda saluni.

Kwa sasa kuninyoa mimi na vijana wote wawili ni kazi ya saa moja ya Jumamosi, tukiwa nje, na kufagia kumo humo. Mashine ya kwanza bado inafanya kazi. Nilinunua na ya pili ya kuchaji nikiwa na tamaa tu. Kama utaichukua ya namna hiyo, ichaji usiku uliotangulia. Yangu ilizima nikiwa nimemaliza upande wa kushoto peke yake, umeme hakuna, na wageni wakabisha hodi.